Kitambaa Chekundu cha Bibi Mazu

Benchi la Kipaza lilikuwa la kinyozi kabla kinyozi hajafa. Mama Siokmui, ambaye mji mzima wa Lamkhia unamwita Kipaza kwa sababu utakayoisikia mwenyewe hata ukipita mtaa wa nyuma, alilichukua akaliweka mbele ya kibanda chake cha popoo, kwenye kona ya barabara inayopanda kilimani, na tangu siku hiyo halijawahi kukaa tupu kuanzia asubuhi mpaka chai iishe. Birika liko juu ya jiko la gesi, vikombe ni vile vidogo vya kumeza mara moja, popoo ziko kwenye sahani, na mate mekundu yana kopo lake. Miaka yote benchi linatazama barabara. Siku hiyo wazee walilishika huku na huku wakaligeuza litazame kilima, kwa sababu kule juu Bibi Mazu, mlinzi wa mabaharia wote wa Taiwan, alikuwa amesimama na mwili wake mzima wa shaba, mikono, mabega na mikunjo ya vazi, mrefu kuliko jengo lolote la pwani ile, ila hakuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa chini kando ya miguu yake, kimefungwa kitambaa chekundu machoni, kikingoja kupandishwa na kreni. Na kilikuwa kimekataa kupanda.

Turubai alikaa ncha ya kushoto, mahali pake. Jina lake hasa ni Ong Bunhok, lakini ameshona maturubai ya malori, mahema ya harusi na ya matanga, na mabango ya kila mgombea aliyewahi kushindwa Lamkhia, kwa hiyo jina hasa limebaki kwenye kitambulisho. Kitambaa kile chekundu ni kazi ya mikono yake. Kamati ya hekalu ilimwomba afunike macho ya Bibi mpaka siku yatakapofunguliwa kwa ibada, maana sanamu yenye macho wazi kabla ya ibada ni nyumba isiyo na mlango: pepo yeyote mzururaji anaingia, anatandika, analala. Turubai alishona mwezi mzima, pindo juu ya pindo, na pembeni akaweka kamba moja ambayo ukiivuta kitambaa chote kinashuka kama pazia. Wiki nzima watu walipita dukani kwake kumpa mkono. Na aliyekuwa kule juu kwenye kijumba cha vioo cha kreni alikuwa Pekhun, binti yake, mtoto wake wa pekee.

Tangu asubuhi Pekhun alikuwa amekinyanyua kichwa mara kadhaa. Kila kikifika usawa wa paa la hekalu, upepo wa baharini unakuja, na kichwa kinaanza kugeuka polepole, kinaipa bahari kisogo, kinawaelekea watu wa benchi, kinaendelea na safari yake. Wanaume walioshika kamba za kukiongoza wanaburutwa kwa visigino. Basi Pekhun anakishusha tena, taratibu, kwenye magogo yake. Televisheni ilikuwa imesema kimbunga kitafika kesho. Jioni ya leo kreni lazima ilazwe chini, kichwa kiwe juu au kisiwe juu.

— Kizito, alisema Mizani. Nilisema tangu juzi, hamkunisikia.

Mizani alikuwa mpima samaki kwenye mnada wa bandarini maisha yake yote, na kitu chochote duniani anakipima kwa jodari.

— Kichwa kile ni jodari wa meli nzima, aliendelea. Halafu kuna taji. Taji nani alilipima? Hakuna! Wamepima kichwa, wakasahau taji. Ni sawa na kupima samaki ukasahau barafu.

— Wewe barafu ulikuwa huisahau, alisema Kipaza huku akimimina chai. Tulikuwa tunanunua barafu kwa bei ya samaki.

— Mama Kipaza, usinichokoze asubuhi asubuhi hii.

— Nakuchokoza vipi? Nakusifu. Hakuna aliyeuza barafu nyingi kukuzidi.

Injinia aliinua kidole. Injinia ni Tan Hoatki, naye anaitwa hivyo kwa sababu aliwahi kumwendesha kwa gari injinia wa daraja, na anavyosema mwenyewe, injinia yule alikuwa mwongeaji sana njiani.

— Tulieni, alisema. Kingekuwa kizito kingeshindwa kunyanyuka. Hiki kinanyanyuka vizuri tu, ila kinageuka. Kunyanyuka ni ishu moja, kugeuka ni ishu nyingine. Injinia wangu alikuwa akiniambia, Hoatki, mzigo ukigeuka, tazama chini.

— Injinia wako alikuwa akikuambia utazame barabara, alisema Mizani.

— Nisikilize. Pale ilipokaa kreni palikuwa nini zamani?

— Bwawa la bata, alisema Kipaza. La ukoo wa Go. Nimekula mayai ya pale mpaka nikaolewa.

— Haya! Wamefukia bwawa la bata, wakaweka kreni juu. Mguu mmoja unazama kidogo kidogo. Kreni inainama, mzigo unatafuta upande wa kulala, unageuka. Kwisha habari.

— Chini ya miguu ya kreni kuna mabamba ya chuma, Turubai alisema. Pekhun ameyakagua mwenyewe kwa kipimo cha maji. Hakuna kinachozama.

— Mabamba sawa. Na chini ya mabamba?

— Kifusi.

— Na chini ya kifusi?

Turubai alipuliza chai yake.

— Bata, alisema Injinia, akaegemea kwa ushindi.

Wote walicheka, na Turubai alicheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kusema. Yeye alikuwa ameona. Mara ya kwanza tu upepo ulipokuja, alikiona kitambaa chake kinajaa, kinafura kama shavu la mtu anayepuliza moto, na kichwa kinafuata kitambaa. Kila bango analoshona analikata matundu ya nusu mwezi, ulimi wa kitambaa unabaki ukining'inia na upepo unapita zake. Hata mabango ya madiwani anayakata, na hao hata wakipeperuka hakuna hasara. Hiki hakukikata. Mwenyekiti wa kamati alisema matundu mbele ya macho ni kumwachia Bibi achungulie kabla ya wakati, na Turubai mwenyewe, tuseme ukweli, hakuwa na moyo wa kutoboa kitu kizuri namna ile. Juma lililopita, wakila uji wa samaki, Pekhun alimwambia, Baba, kata matundu. Akamjibu, wewe endesha kreni yako, mimi niachie cherehani yangu. Tangu siku hiyo uji nyumbani kwao unaliwa kimya kimya, na kijiko kikigonga bakuli kinasikika mpaka jikoni.

Simu ya Kipaza iliita. Wifi yake ni mpishi wa hekalu, na siku hiyo alikuwa kule juu akiwapikia mafundi. Kipaza alisikiliza kidogo, kwa kipimo chake, kisha akafunika simu kwa kiganja.

— Wanarusha vipande!

Benchi zima lilisogea mbele. Vipande ni vile viwili vya mti, umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Unamuuliza Bibi swali, unavirusha sakafuni. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali. Vyote vikilala kifudifudi, amekataa. Vyote vikilala chali, Bibi anacheka, maana swali lenyewe halieleweki.

— Wameuliza nini? alisema Mizani.

— Mwenyekiti Go ameuliza, Bibi, hii siku huipendi, tukutafutie nyingine?

— Na Bibi?

— Amecheka.

— Ee!

— Akauliza, Bibi, shaba tumeipaka mafuta vibaya? Amecheka. Akauliza, Bibi, umekasirika kwa ajili ya ule ubishi wa kamati na mabasi ya mahujaji? Amecheka mpaka kipande kimoja kimeingia chini ya meza ya ubani, wanakitafuta.

— Anacheka kwa sababu hawamuulizi kuhusu taji, alisema Mizani.

— Ngoja kwanza, alisema Injinia, na macho yake yakawa ya mtu aliyeona mwanga. Kichwa kikigeuka kinaishia wapi? Mnaona? Mara zote kinaishia upande wa kiwanda cha barafu. Kaskazini! Mle ndani wamejaza vyuma, nondo, bolti, nati, fito za kushikilia mashavu. Kitu chenye chuma kingi ukikitundika kwa kamba moja hewani, kinafanya nini?

— Kinaanguka, alisema Kipaza.

— Kinatafuta kaskazini! Bibi amekuwa dira, jamani. Na yeye ni Bibi wa mabaharia. Mabaharia wanataka nini? Kaskazini. Anafanya kazi yake!

— Acha fiksi, Injinia, alisema Mizani. Kwa hiyo boti yangu ya zamani, ambayo ilikuwa chuma tupu, ilikuwa inaelekea kaskazini yenyewe?

— Si uliipotezea huko?

Mizani alimeza chai ikamchoma, akapunga mkono mbele ya mdomo. Kipaza alikuwa amecheka hadi akakaa kwenye ndoo.

— Mimi nawaambia anatafuta nini, alisema alipopata pumzi. Anawatafuta walinzi wake. Jicho-la-Mbali na Sikio-la-Upepo wako wapi? Hekalu gani mmeliona duniani Bibi amesimama peke yake bila wale wawili? Kamati imesema watajengwa awamu ya pili. Sasa mwanamke unampandisha juu namna ile, macho yamefungwa, hajui yuko wapi, na walinzi wake wako awamu ya pili. Hata mimi ningegeuka kuangalia nyuma.

— Hiyo ina maana, alikiri Injinia.

— Ina maana kushinda bata.

— Lakini dira pia ina maana.

— Na lile pira la chuma tumboni? alisema Mizani, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Mnalijua? Wamemtundikia pira tumboni, zito, ili kimbunga kikimsukuma huku, lenyewe liende kule, asiyumbe. Sasa pira linakivuta kichwa. Kichwa kinataka kushuka kwenda kwenye pira, na pira linataka kupanda kwenda kwenye kichwa. Wanatafutana!

— Bwana wee, pira na kichwa wana uhusiano gani?

— Wameletwa na lori moja.

Turubai aliitazama kreni. Kule juu, ndani ya vioo, aliona kitu kidogo cha rangi ya machungwa kinasogea, fulana ya Pekhun. Akafikiri jinsi alivyokuwa mdogo akikaa chini ya meza ya cherehani kuokota pete za shaba, na jinsi alivyokuja kumwambia kwamba hatarithi duka, anataka kuendesha mashine kubwa, naye baba akanyamaza siku nyingi sana. Alikuwa anamwonea fahari mpaka kifua kinamuuma na hajawahi kumwambia. Alishika kikombe kwa mikono miwili na chai ikapoa humo.

Simu iliita tena. Safari hii Kipaza alisikiliza bila kusema neno, na hapo ndipo wote walipojua kuna jambo.

— Wifi anasema, alianza, kisha akamtazama Turubai na sauti ikashuka, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu mume wake afe. Anasema kuna watu kwenye kamati wanasema labda ni kwa sababu anayemnyanyua Bibi ni mwanamke.

Popoo iliyokuwa inaelekea kinywani mwa Mizani ilisimama njiani.

— Mimi sisemi, alisema Mizani baadaye. Mimi nakumbuka tu. Zamani kwenye boti zetu mwanamke alikuwa hapandi. Akiuruka wavu tu, wavu unafukizwa moshi. Sisemi kwamba ni hivyo. Nakumbuka.

— Kumbuka kwa ndani, alisema Kipaza. Bibi mwenyewe ni mwanamume? Aliyeokoa hao wavuvi wenu baharini alikuwa na ndevu?

— Bibi ni Bibi, Mama Kipaza. Pekhun ni Pekhun.

— Na wewe ni mjinga, na hukuhitaji kreni kufikia hapo.

— Injinia wangu, alisema Injinia kwa tahadhari, hakuwa na neno na wanawake. Ila alikuwa akisema fundi akishindwa, badilisha fundi. Hakumaanisha mwanamke. Alimaanisha fundi.

Kisha wote watatu wakamtazama Turubai, wakingoja aseme kitu. Baba yoyote angesema kitu. Turubai alifungua mdomo, na kilichotoka ni:

— Chai imepoa.

Kipaza alimmiminia nyingine na hakumtazama usoni. Aibu aliyoisikia Turubai wakati huo ilikuwa ya moto kuliko chai.

— Wamempigia simu binamu wa mwenyekiti, alisema Kipaza, yule anayepakia makontena bandari kubwa. Yuko njiani. Anasema kwao wananyanyua hata upepo uvume vipi, hawabembelezi mzigo.

— Kontena halina kitambaa, alisema Turubai, taratibu mno.

— Unasemaje?

— Hakuna.

Wakati huo mtu alikuwa anashuka kutoka kilimani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, kofia ngumu kichwani, taulo shingoni, na hakuna aliyemjua, kwa kuwa mafundi wa kufunga mizigo walitoka kaskazini pamoja na kreni. Jina lilikuwa limeandikwa kwenye fulana: Gioksing.

— Shikamooni wazee, alisema. Mama, nipe maji ya chupa, ya watu wote wa kamba. Na popoo, pakiti za kutosha.

— Kule juu kunasemwaje, mwanangu? alisema Kipaza, kana kwamba hajui.

— Kule juu wanamuuliza Bibi. Mimi nimeona niulize huku chini, labda nitajibiwa haraka zaidi. Wazee, nani alishona kile kitambaa?

Jiko la gesi lilisikika likivuma chini ya birika. Mizani aliitazama bahari, Injinia akaitazama barabara, Kipaza akaanza kuhesabu chupa za maji upya.

— Kwani vipi? alisema Mizani hatimaye. Kina kasoro?

— Kasoro? Nimefunga mizigo tangu ujana wangu, sijaona kitambaa kimeshonwa vizuri namna ile. Hakipitishi hata pumzi. Ndiyo maana mikono yangu iko hivi.

Akaonyesha viganja. Kamba ilikuwa imechuna ngozi.

— Yule dada wa kreni anajua, aliendelea. Sisi sote wa kamba tunajua. Tukamwambia, dada, waambie wazee wa kamati kwamba ni kitambaa, wasikubebeshe msala usio wako. Hataki. Wakimuuliza anasema ni upepo. Upepo tu. Tukamuuliza, basi aliyekishona ni nani, tukamwombe aje akikate. Anasema hajui.

— Hajui? alisema Turubai.

— Anasema hajui, mzee.

Turubai aliweka kikombe chini. Alikiweka kwa uangalifu sana, katikati kabisa ya kisahani, kisha akasimama, akavuka barabara, akaingia dukani kwake. Alipotoka alikuwa na mkasi wa maturubai, ule mrefu wa mpini mweusi ambao haruhusu mtu mwingine aushike.

— Turubai! alisema Kipaza. Ni macho ya Bibi hayo! Mwenyekiti Go atakuua.

— Apange foleni. Pekhun ndiye wa kwanza.

Akapanda kilima pamoja na Gioksing. Uani mwa hekalu mwenyekiti Go alikuwa amepiga magoti, vipande mkononi, jasho likimtoka, na wanakamati wamemzunguka kila mtu akimnong'oneza swali lake. Turubai aliwapita wote akanyoosha mkono.

— Nipe.

— Bunhok, kuna utaratibu hapa.

— Nipe, bwana Go. Nina swali fupi.

Alipiga magoti. Mkasi aliuweka pembeni, kwa heshima, ncha ikitazama ukutani.

— Bibi, alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Kitambaa kile nimekishona mimi, Ong Bunhok wa dukani pale chini. Sikukata matundu ya upepo. Mwanangu aliniambia nikate, nikamjibu vibaya, kwa kuwa nilikionea kitambaa huruma kuliko yeye. Si kosa lake. Naomba nikate sasa.

Akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

— Jambo kubwa namna hii lazima akubali mara tatu mfululizo, alisema mwenyekiti.

Akarusha tena, na tena, vikalala vile vile. Wanakamati waliinama juu ya vile vipande, wakavitazama upande huu na upande ule, na mmoja akasema kwa kunong'ona kwamba yeye tangu mwanzo alihisi ni mambo ya kitambaa.

— Lakini usikate mbele ya mboni, alisema mwenyekiti Go.

— Nitajitahidi.

Wakamnyanyua kwa kikapu cha mafundi. Kwa karibu kichwa kilikuwa hakina mwisho. Pua peke yake ilikuwa kubwa kuliko mlango wa duka lake. Turubai alishika kitambaa, akakipapasa mshono, mshono mzuri kushinda yote aliyowahi kushona, akavuta pumzi na kukata. Nusu mwezi, nusu mwezi, nusu mwezi, kila tundu na ulimi wake. Kwenye mashavu, kwenye paji la uso, pembeni mwa masikio. Kisha akaona mahali upepo unapojaa zaidi ni palepale katikati, na hapakuwa na jinsi. Alikata hapo pia. Ulimi wa kitambaa ulifunguka kidogo, na nyuma yake jicho la shaba, kubwa kuliko meza yake ya kulia uji, likamtazama.

— Samahani, Bibi, alisema. Jifanye hujaniona.

Alipofika chini Gioksing alimpa redio ya mkononi. Alikuwa hajui kuitumia, akaishika kama kikombe.

— Pekhun.

Redio ilikwaruza.

— Ndiyo.

— Nimekata matundu.

Ikakwaruza muda mrefu. Wanaume wa kamba walikuwa wametulia wote, wakitazama ardhi kwa adabu.

— Hata katikati? alisema Pekhun.

— Hata katikati.

— Haya. Ondoka hapo chini ya mzigo, Baba.

Aliondoka. Kichwa kikaachana na magogo, kikapanda. Kilifika usawa wa paa la hekalu na upepo ukaja, ule ule, na ndimi zote za kitambaa zikafunguka kwa pamoja, zikapepea, upepo ukapita kwa huku na kutokea kule, na kichwa kikaendelea kutazama bahari. Wanaume wa kamba walishika kamba kwa mikono miwili, halafu kwa mmoja. Binamu wa mwenyekiti aliwasili wakati kichwa kinapita mabega ya Bibi. Alishuka garini, akatazama juu, akaegemea mlango wa gari na kubaki hapo, mdomo wazi. Pekhun alikishusha juu ya shingo polepole sana, mafundi waliokuwa ndani ya mwili wakaingiza vishikizo vya chuma kwenye matundu ya shingo, na nyundo zikaanza kusikika kutoka kifuani mwa Bibi. Turubai alijikuta amekaa juu ya ndoo ya mtu, analia, na hakujali nani anamwona.

Aliporudi kwenye kona ya barabara, benchi lilikuwa kwenye kilele cha ubishi.

— Nilisema uzito! alikuwa anasema Mizani. Amekata kitambaa, uzito umepungua, kimepanda. Hesabu ndogo tu.

— Hakutoa hata uzi mmoja! alisema Injinia. Ndimi zote zinaning'inia, tazama! Ila alipokuwa anakata aligusa chuma kwa mkasi. Mkasi ni chuma. Dira ikavurugika, ikasahau kaskazini.

— Nyinyi nyote vipofu, alisema Kipaza. Amemfungulia tundu achungulie. Bibi ameangalia nyuma, ameona walinzi hawapo, amesema basi, nitajilinda mwenyewe. Wanawake ndivyo tulivyo.

Turubai alikaa mahali pake. Walimpisha, wakampa popoo, na hakuna aliyemuuliza. Kreni ilikuwa inalazwa taratibu nyuma ya hekalu, na mawingu ya kwanza ya kimbunga yalikuwa yameanza kujipanga upande wa bahari.

Kisha Pekhun akatokea kwenye mteremko, kofia ngumu kwapani, nywele zimegandamana kwa jasho, anatembea kama mtu ambaye miguu yake imesahau ardhi. Tangu akiwa mtoto alikuwa hajafika benchini pale. Benchi lilikuwa la wazee. Alisimama mbele yao akawaamkia mmoja mmoja.

— Kazi nzuri, mwanangu, alisema Kipaza, na machozi yalikuwa karibu. Kazi nzuri sana.

— Asante, mama.

— Sisi hapa hatukuwa na wasiwasi hata kidogo, alisema Injinia.

— Hata chembe, alisema Mizani.

Pekhun alijifuta uso kwa mkono wa fulana. Aliwatazama, akalitazama benchi lilivyogeuzwa, na akatabasamu kwa uchovu.

— Kule juu vioo vinaonyesha kila kitu, alisema. Nimewaona tangu asubuhi mnarusha mikono, mnasimama, mnakaa. Mlikuwa mnabishania nini?

Mizani alikipimapima kikombe chake kitupu kiganjani. Injinia aliinama akatazama ardhi katikati ya viatu vyake, huenda akitafuta bata. Kipaza, kwa mara ya pili siku moja, alikosa neno. Akashika birika, akalitikisa, na ndani hamkusikika kitu, chai ilikuwa imekwisha.

Turubai alisimama. Alipangusa mahali pake kwa kiganja, mara moja na tena, ingawa hapakuwa na vumbi.

— Kaa, mwanangu.

— Kaa wewe, Baba. Umechoka.

— Kaa tu, alisema. Mimi nimekaa tangu asubuhi.